OHINGA YA THIMLICH NA SWALI LA NANI ALIYEIJENGA



Waliohudhuria Mkutano Mkuu wa mwaka huu wanakumbuka kwamba shauri la nane katika orodha ya mkutano halikumalizika. Shauri lenyewe lilikuwa jepesi. Muhuri wetu wa zamani umechakaa hata herufi zake hazisomeki, nayo Kamati iliomba ruhusa ya kuchongesha mwingine. Mwanachama mmoja akasimama, akasema ingefaa muhuri mpya uwe na picha ya ukuta wa mawe wa Thimlich, kwa kuwa ndio kitu cha kale kinachojulikana kupita vyote katika nchi tuliyotoka. Watu wakapiga makofi. Lakini kabla makofi hayajaisha, sauti ilisikika kutoka nyuma ya chumba ikiuliza, "Ukuta wa nani?"

Hapo ndipo mkutano ulipopotea njia. Wengine walisema ukuta ni wa baba zao, kwa maana majina ya maboma yale ni majina ya Kijaluo. Wengine wakajibu kwamba baba za hao waliukuta ukuta umekwisha kusimama, na walioujenga ni Wabantu waliotangulia. Mwanachama wa tatu, ambaye kwao ni mbali na Thimlich, akauliza kama yampasa kutoa fedha zake kwa ajili ya muhuri wa mababu wa watu wengine. Maneno yakazidi, hata mtu mmoja akawaita wenzake wageni. Neno hilo, katika Chama ambacho kazi yake ni kuuguzana na kuzikana hapa Mombasa, mbali na kwetu, si neno la kusemwa kwa wepesi. Mwenyekiti aliliahirisha shauri, akaagiza karani aandike habari za mahali hapo katika taarifa ya mwaka, ili mkutano ujao uamue ukiwa na maarifa.

Sisi tulioshika kalamu ya Chama tumefanya kama tulivyoagizwa. Tumekwenda kupaona mahali penyewe wakati wa likizo, tumesoma yaliyoandikwa na wataalamu, na tumewasikiliza wazee. Hatukutumwa kumpendeza mtu wala kumuudhi, bali kueleza.

1. Mahali Penyewe

Thimlich iko kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, umbali wa kilometa 46 hivi, katika nchi ile ile ya Macalder ambako dhahabu ilichimbwa wakati wa ukoloni. Msafiri hupanda kilima chenye mteremko wa taratibu, akipita katikati ya miti na vichaka, na hauoni ukuta mpaka awe karibu nao. Jina lenyewe latokana na thim, yaani pori, na wenyeji hulieleza kuwa ni msitu mnene wa kutisha. Ohinga ni boma la mawe; nayo yakiwa mengi huitwa ohingni.

Juu ya kilima hicho yako maboma makubwa manne. Lililo kuu huitwa Kochieng', na mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Kila moja lina nyongeza zake zilizoungwa ubavuni, kama vile mtu aongezavyo chumba katika nyumba yake jamaa inapokua. Wala Thimlich si peke yake. Katika nchi iliyokuwa ikiitwa Nyanza ya Kusini wataalamu wamehesabu maboma ya mawe zaidi ya 500 katika mahali zaidi ya 130, mengine yakiwa makubwa na mengine yakiwa duara ndogo zilizokwisha kuanguka. Thimlich ndiyo kubwa kupita zote, tena ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi.

Wataalamu hukisia kwamba maboma haya yalijengwa katika karne ya 16. Sisi tunaoishi Mombasa tunaweza kuupima wakati huo kwa macho yetu, kwa maana kila tupitapo Mji wa Kale twaiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ndiyo kusema kwamba katika karne ile ile, watu waliokuja kwa merikebu walikuwa wakijenga ngome kando ya bahari, na watu waliochunga ng'ombe walikuwa wakijenga ngome yao juu ya kilima upande wa Ziwa. Tena Wamijikenda, majirani zetu wa hapa pwani, waliweka kaya zao ndani ya misitu vilimani tangu karne hiyo, wakizizungushia maboma. Ilikuwa karne ya hofu, na kila watu walijikinga kwa vitu walivyokuwa navyo. Wamijikenda walikuwa na msitu, Wareno walikuwa na matumbawe na chokaa, na watu wa Thimlich walikuwa na mawe yaliyotapakaa juu ya ardhi yao.

2. Jinsi Ukuta Ulivyojengwa

Jambo la kwanza limshangazalo mtu ni kwamba ukuta huu hauna chokaa, hauna saruji, wala hauna udongo wa kuyashikanisha mawe. Tena mawe yenyewe hayakuchongwa kwa patasi yakawa na pembe nne kama matofali. Ni mawe kama yalivyookotwa, makubwa kwa madogo, ya kila umbo. Hata hivyo kuna mahali ambapo ukuta umesimama mita 4.5, yaani karibu futi 15, kimo ambacho watu wawili warefu, mmoja akisimama juu ya mabega ya mwenzake, hawakifikii. Mahali palipo pafupi ni mita 1.5. Unene wake ni kiasi cha mita 1, na penginepo huzidi.

Siri yake ni hii. Mjenzi hakujenga ukuta mmoja, bali alijenga kuta mbili zilizosimama pamoja, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na katikati yake akajaza mawe madogo madogo. Kila jiwe lilitafutiwa mahali pake, likageuzwa hivi na hivi mpaka likakaa katika meno ya wenzake. Mawe makubwa ya nje yakitaka kuanguka ndani, hushikwa na yale madogo. Na yale madogo yakitaka kumwagika, huzuiwa na makubwa. Uzito wenyewe ndio kamba ifungayo ukuta. Wala ukuta haukwenda moja kwa moja kama uzi wa fundi, bali huenda ukipinda, na kupinda huko huuongezea nguvu.

Mwenye kutazama kwa haraka huyasifu mawe makubwa, kwa sababu ndiyo yaonekanayo. Lakini mzee mmoja aliyetuongoza pale alitufundisha kutazama mahali ukuta ulipobomoka. Akasema, "Tazameni, wanangu. Jiwe kubwa halikuanguka kwanza. Kwanza walitoka wale wadogo wa katikati, na mkubwa akabaki hana wa kumshika." Tuliinama tukatazama, tukaona ni kweli.

Milango ni habari nyingine. Ni myembamba na ya chini, nayo mawe marefu yamelazwa juu yake kuubeba ukuta. Mtu mzima hawezi kuingia isipokuwa ameinama, tena mmoja mmoja. Adui aingiaye hivyo hutanguliza kichwa, hali mkuki wake haufai kitu, naye mlinzi amesimama ndani akimngoja. Karibu na mlango palikuwa na mahali palipoinuliwa pa mlinzi kutazamia. Ng'ombe walipolala ndani ya kuta hizo, mnyang'anyi wa usiku hakuwa na njia ya kuwatoa kwa siri, wala chui na fisi hawakupata nafasi.

3. Maisha Yaliyokuwamo Ndani

Tusidhani kwamba hapo palikuwa mahali pa vita tu. Ndani ya boma kubwa mna maboma madogo ya mifugo, na ardhi ina mashimo ya duara mahali nyumba ziliposimama. Yako mawe ya kusagia nafaka, yaliyolika katikati kwa kazi ya mikono ya akina mama wa miaka mingi. Juu ya mwamba mmoja vimechongwa vishimo vya mchezo wa ajua, ambao watu wa pwani huuita bao. Tulipoviona tulicheka, kwa maana tulikumbuka mabaraza ya hapa mjini. Mahali penye bao hapakosi wazee wenye nafasi, wala hapakosi vijana wa kuwatazama na kuwakosoa. Watu waliojenga ukuta wa futi 15 kwa ajili ya hofu walipata pia saa ya kucheza.

Wataalamu walipochimba waliona vipande vya vyungu, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, pamoja na ya wanyama wa porini. Nje ya kuta pako mahali palipofanyiwa kazi ya chuma, maana mhunzi na moto wake hawakukaa katikati ya nyumba za nyasi. Tena zimeonekana shanga za kioo ambazo hazikutengenezwa katika nchi ile. Shanga hizo zilitoka mbali, zikapita mkono kwa mkono na soko kwa soko. Kwa hiyo yule asemaye kwamba wazee wetu wa bara walikuwa wamefungiwa ndani ya kilima chao, hawajui watu wa pwani wala biashara ya dunia, na aulizwe shanga hizo zilifikaje pale.

Tena ukuta ule ulitenga ukoo na ukoo, ukaonyesha nani ni wa nani, na mzee yupi ndiye msemaji wa mlango upi. Mtu akizaliwa ndani ya boma alijua mipaka yake na haki yake. Mwenye kulijua boma la Kijaluo la siku hizi, yaani dala, lenye lango lake, nyumba ya mke mkubwa na simba za vijana, hatakuwa mgeni kabisa akiingia Kochieng'.

4. Nani Aliyejenga?

Sasa tumefika penye swali lililovunja mkutano. Tutaliendea polepole.

Kwanza tutazame ushahidi wa majina. Ni kweli kwamba Kochieng' kwa Kijaluo ni kama kusema kwa Ochieng', na Koluoch ni kwa Oluoch. Wanachama waliosema hivyo hawakukosea. Lakini jina la nyumba hutuambia nani alikaa humo mwisho au nani alijulikana zaidi, na si lazima limtaje aliyeweka jiwe la kwanza. Hapa Mombasa mko nyumba nyingi ziitwazo kwa jina la mpangaji aliyekaa sana, hali mwenyewe aliyejenga amekwisha kusahauliwa.

Pili, tutazame masimulizi ya kuhama. Profesa Bethwell Ogot, aliyekusanya maneno ya wazee na kuyachapisha katika kitabu cha historia ya Waluo mwaka 1967, alionyesha kwamba Waluo hawakuja siku moja kama jeshi, bali walikuja ukoo kwa ukoo, kwa miaka mingi, wakitoka kaskazini. Wengi wa wale wa Nyanza ya Kusini walifika nyuma ya wenzao, wakipita kwanza katika nchi iliyo kaskazini ya Ghuba ya Winam. Katika nchi ya kusini walikuta watu wa lugha za Kibantu. Wengine wa watu hao walihama, wengine walikaa wakaoana na waliokuja, na wajukuu wao leo wasema Kijaluo kama lugha ya mama. Wanachama wetu Wasuba wanalijua jambo hili katika nyumba zao wenyewe.

Tatu, tutazame ushahidi wa mawe. Maboma haya hayakujengwa mara moja yakaachwa. Yalikaliwa, yakahamwa, yakakaliwa tena na watu wengine, kwa muda wa karne tatu na zaidi. Kila waliofika walikuta sehemu iliyoanguka, wakaiinua, wakaongeza ubavu mpya, na kufuata namna ile ile ya kupanga mawe waliyoikuta. Hata Thimlich ilipoandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ikiwa ya saba katika Kenya, sababu mojawapo ilikuwa hiyo: kwamba pale pana ushahidi wa watu wa asili mbalimbali za lugha waliokaa kwa kufuatana, na wa kuhama kwa watu katika bonde la Ziwa katika karne ya 16 na ya 17.

Basi jibu ni lipi? Wabantu waliotangulia wana haki ya kutajwa, kwa maana masimulizi ya nchi huwataja kuwa wa kwanza. Waluo waliofuata wana haki ya kutajwa, kwa maana bila mikono yao kuta zingekuwa marundo. Mtu akitaka kuchagua mmoja na kumfuta mwenzake, itampasa kuubomoa ukuta apate kutenga jiwe la huyu na jiwe la yule, na akimaliza kazi hiyo hatakuwa na ukuta.

Tuongeze onyo moja lililo zito. Kusini mwa bara letu, katika nchi ya Zimbabwe, yako majengo makuu ya mawe, mengine juu ya kilima na mengine bondeni, yaliyojengwa bila chokaa kama ya kwetu, tangu karne ya 11 hata ya 15. Wazungu walipoyakuta walikataa kuamini kwamba mtu mweusi aliyajenga. Walisema ni kazi ya Wafoinike, au ya watu wa malkia wa Sheba. Mwaka 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika; na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena akathibitisha. Hata baada ya hapo watawala hawakupenda kusikia. Twasema haya kwa sababu gani? Kwa sababu walionyang'anya jengo lile walianza kwa neno lile lile lililotamkwa katika mkutano wetu, kwamba hao ni wageni, na wageni hawana kitu hapa. Ni aibu silaha iliyotupigwa sisi sote tuiokote na kupigana nayo wenyewe kwa wenyewe. Nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1980 ilichukua jina lake kutoka katika mawe hayo, ikaweka juu ya bendera yake ndege wa jiwe aliyeonekana pale. Jina la mawe yale leo ni la taifa zima.

5. Jinsi Ohinga Ilivyohamwa

Hakuna adui aliyeiangusha Thimlich. Iliachwa, kidogo kidogo, mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa desturi ya kukaa katika maboma ya mawe iliendelea mahali pengine hata katikati ya karne hiyo. Serikali ya kikoloni ilipozuia vita vya kunyang'anyana ng'ombe, haja ya ukuta mrefu ilipungua. Watu wakaona taabu kubeba mawe hali ua wa minyaa, ambayo Waluo huiita ojuok, huota wenyewe na kuzuia ng'ombe vya kutosha. Kila kijana akataka boma lake karibu na shamba lake. Kilima kikarudi kuwa thim.

Kwa miaka mingi haukuwako mtu wa kuuliza. Mwaka 1965 Bwana Neville Chittick, ambaye watu wa pwani wamjua kwa kazi yake ya kuchimbua Kilwa, aliandika juu ya maboma ya mawe ya Nyanza ya Kusini, na wengine wakamfuata. Mwaka 1981 Serikali iliitangaza Thimlich kuwa kumbukumbu ya taifa, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Hata hivyo sheria haizuii mzizi wa mti kupenya. Mwaka 2000 Thimlich ilitiwa katika orodha ya ulimwengu ya mahali pa kale palipo hatarini, na baada yake kuta zilianza kutengenezwa, wenyeji wakiwa miongoni mwa mafundi. Ndipo ikafika heshima ile ya mwaka 2018.

6. Hatari Iliyobaki, na Kosa Letu

Tumezitaja sifa, sasa tutaje hatari. Mti uotao ukutani husukuma mawe kila mwaka kwa unene wa kidole, mpaka siku moja ukuta mzima unalala. Mbuzi hupanda juu ya kuta wakiangusha jiwe hili na lile. Mgeni atembeleaye hupanda juu apate kupigwa picha. Lakini zaidi ya hao wote ni sisi wenyewe tujengao nyumba. Thimlich ina mlinzi. Zile ohingni nyingine mamia, zilizo katika mashamba ya watu, hazina mlinzi isipokuwa mwenye shamba.

Hapa yatupasa kusema ukweli unaotuhusu. Tulipokuwa watoto, karibu na kwetu palikuwa na ohinga ndogo isiyo na jina katika kitabu chochote. Tulichungia mbuzi pale, tukajificha mvua chini ya mlango wake. Babu yetu alipotaka kujenga nyumba ya bati, mawe ya msingi yalitoka pale. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliosukuma toroli, tukilipwa chai na muhogo, na tulifurahi. Hakuna aliyetukataza, kwa maana hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tukibeba kitu. Mwaka huu, tuliporudi kutoka Thimlich, tulipita pale. Limebaki duara la majani yaliyo mabichi kuliko mengine, na mawe machache yaliyokuwa mazito mno kwa watoto. Hatuwezi kuyarudisha yaliyochukuliwa, kwa kuwa nyumba imesimama juu yake na mama yetu anakaa humo. Twaliandika kosa hili ili mwenzetu asilifanye.

Iko hasara nyingine isiyoonekana. Maarifa ya kupanga mawe bila chokaa hayamo katika vitabu vya shule. Yamo katika mikono ya wazee wachache ambao baba zao walijenga au kutengeneza maboma ya mwisho. Mzee akizikwa, jina la kila namna ya jiwe huzikwa naye: lile la kutangulia, lile la kufunga, lile la kujaza. Wazee wa namna hiyo wamo hata katika Chama chetu, wameketi nasi kila mwezi, nasi huwauliza habari za ada tu.

7. Neno Kwa Mkutano Ujao

Sisi ni karani, si waamuzi. Muhuri utaamuliwa na wanachama kwa kura kama Kanuni zisemavyo. Lakini kwa kuwa Mwenyekiti alituagiza kueleza, hatutaficha tulivyoona.

Tuliona ukuta ambao kila waliofika waliukuta umeanzwa na wengine, wakautengeneza bila kuuliza kwanza ulikuwa wa nani, kwa sababu usiku ulikuwa unaingia na ng'ombe walikuwa nje. Chama chetu nacho ni hivyo. Waanzilishi wake waliokutana chini ya mwembe karibu na Kilindini wamekwisha kufariki karibu wote. Wengi wetu tulikikuta kimesimama. Mwanachama aliyejiunga mwezi uliopita hulipa ada ile ile, na akifa husafirishwa kwa jeneza la namna ile ile, kama mjukuu wa mwanzilishi. Hatujapata kumwuliza maiti baba yake alifika lini.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye ohinga katika shamba lake, au katika shamba la ndugu yake, aandikishe jina la mahali hapo kwa karani, pamoja na hali yake ya sasa. Nasi tutaipeleka orodha kwa Makumbusho ya Taifa. La pili, wazee wenye kujua kazi ya mawe na maneno yake wakubali kukaa nasi Jumamosi moja katika kila mwezi ili tuyaandike, kila mmoja kwa lugha yake, Kijaluo, Kisuba au Kikuria. La tatu, mtu yeyote ajengaye nyumba asichukue mawe ya ohinga, hata kama ni yake na yamekwisha kuanguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba kuta nyingine, zikianguka, hakuna tena ajuaye kuzijenga.

Ama kuhusu picha ya muhuri, twaomba wanachama wasome kwanza, kisha waje mkutanoni wakiwa wamepoa. Yule aliyeuliza "ukuta wa nani" hakuuliza vibaya. Aliuliza swali zuri kwa sauti ya hasira. Tumemtafuta baada ya mkutano, tukampa habari hizi azisome kabla hazijapigwa chapa. Alizisoma mara mbili, akatusahihisha mahali pawili, kisha akasema kwamba babu yake wa upande wa mama alikuwa fundi wa mawe, naye yuko tayari kuja Jumamosi ya kwanza.

Wenu katika kazi,
Karani wa Chama